Ribiti Tatu za Kiti cha Baba

Siku niliyoingia katika lile duka la mtaa wa Kinanira niliomba kitu ambacho sidhani kama mteja mwingine amewahi kukiomba humo. Nilimwomba mwenye duka aniapie kwamba kiti anachotaka kuniuzia ni feki.

Yeye, binti wa watu, alikuwa amekwisha kunieleza kwa dakika kumi kwamba ni kiti cha kweli, cha enzi za Wabelgiji, na kwamba mbao za namna ile hazipatikani tena. Aliposikia ombi langu akavua miwani yake mikubwa ya duara, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Maman," akasema, "mi siuzi feki. Vraiment, hapa kwangu kila kitu ni ya zamani."

"Najua, mwanangu. Lakini hiki kimoja tu, niambie ni kipya."

"Apana, maman. Iyi ndiyo ya zamani kushinda zote."

Basi nikakaa juu ya sanduku la chuma lililokuwa karibu, ambalo nalo lilikuwa linauzwa.

Sikwenda Kinanira kutafuta kiti. Binti yangu, anayesoma chuo kikuu pale Mutanga, ndiye aliyenituma. Nyumba yetu ya Gihosha tuliijaza makochi makubwa ya kahawia yaliyokuja kwenye kontena, mazito kama viboko wa ziwani, na mimi nikajiona nimefika. Siku moja binti yangu akasimama mlangoni, akatazama sebule yote, akasema inafanana na mahali pa kungojea daktari. Nilikasirika wiki nzima. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini yeye na wenzake wameipindua methali hiyo. Kwao sasa kinyemi ni cha zamani, na kikiwa na kidonda ndiyo bei inapanda. Alinionyesha picha kwenye simu, akanipa anwani, akaniambia niende nikatazame tu. Nikaenda nikiwa nimenuna.

Duka lenyewe lilikuwa gereji ya nyumba ya watu, imepakwa chokaa, na juu ya mlango imetundikwa taa ya kandili isiyo na mafuta. Ndani nilikuta sahani za enameli zenye maua mekundu. Nikakuta chupa za chai za bati, vitambaa vya kufuma vya kuwekea juu ya redio, na redio yenyewe ya mbao. Kwenye kamba zilitundikwa gauni za kola pana na suruali zilizotanuka chini, zile ambazo kaka zangu walivaa wakipiga picha studio. Nusu ya duka lile bado iko jikoni kwa mama yangu, huko mtaa wa Buyenzi. Nusu nyingine tuliitupa kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa furaha.

"Hii imebanduka," nilimwambia, nikimwonyesha ukingo wa sahani.

"Ndiyo uzuri yake, maman."

Nilikuwa najiandaa kumjibu vibaya, nina ulimi mimi, watu wananijua. Ndipo nikakiona kiti.

Kilikuwa kona ya nyuma, chini ya dirisha. Kiti kifupi cha mikono, miguu imetanuka kidogo kama ya ndama anayejifunza kusimama, mgongo umelala nyuma, mto wa kijani. Mkono wa kushoto ulikuwa na kipande cha aluminiamu, upana wa vidole viwili, kimefunika ufa na kukazwa kwa ribiti tatu, zile pini za chuma zinazogongwa juu na chini. Ribiti mbili zilikuwa karibu karibu, ya tatu imekaa peke yake huko mwisho, kama mtu aliyechelewa kufika. Nikainama nikanusa ubao. Ulinuka oili ya gari.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Buyenzi. Alitoka gereji kila siku baada ya alasiri, akaoga, akabadilisha nguo, na bado akinuka oili ile ile. Alikaa kwenye kiti kile na hakuna mwingine aliyekikalia. Mkono wa kiti ulipopasuka alikata kipande cha bodi ya lori bovu akakiziba mwenyewe, kama anavyoziba gari. Sisi watoto tulikaa kwenye mkeka. Mama alimletea kahawa, akasimama upande wake wa kushoto mpaka amalize kikombe cha kwanza, amtilie cha pili. Hayo ndiyo mapenzi niliyoyaona nyumbani kwetu, sikuona mengine. Nakumbuka pia, bila kujua kwa nini nakumbuka, kwamba kanga za mama zote zilikuwa na mchaniko mdogo upande mmoja, usawa wa paja. Nilipomuuliza alisema ni mlango wa jikoni. Na kweli mlango ule ulikuwa na bati lililochomoza, kwa hiyo sikuuliza tena.

Baba alipofariki, mama alikaa eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hatoki. Siku moja alituita wanawe mlangoni pa chumba chake akasema, "Vitu vya baba yenu mutoe sadaka. Mutoe vyote, musibakishe kitu." Akafunga mlango. Mimi ndiye binti mkubwa, na mimi ndiye mwenye haraka. Haraka haraka haina baraka, nilifundishwa hivyo, lakini kuna watu hawafundishiki. Kabla jua halijazama nilikuwa nimetoa kanzu, viatu, koti, sanduku la spana, saa ya ukutani. Kiti nilimpa Mkongomani mmoja wa Uvira aliyepanga chumba uani kwa jirani, mtu mzima, mgongo ukimsumbua, akiuza viatu vya mitumba. Alikibeba kichwani akiniombea baraka kwa Yesu, nami nikaitikia amina kwa Kiislamu, tukaachana vizuri.

Jioni mama alitoka kwenda kutawadha. Alipofika sebuleni akasimama. Alitazama pale kiti kilipokuwa, akanitazama mimi, akasema, "Alhamdulillah," akapita.

Hakusema neno lingine siku ile wala miaka iliyofuata. Lakini pale mahali hapakuwekwa kitu tena. Kaka yangu alileta kochi, mama akalipeleka chumbani kwa wajukuu. Mimi nikaleta kiti cha kisasa cha kubembea, nacho akampa shangazi. Akawa anakaa mkekani, ameelekea mahali patupu, tasbihi mkononi. Kila Ijumaa nilipokwenda kumwona nilipatazama pale nikiona kosa langu limeandikwa ukutani. Nilikuwa nimeelewa "vyote" kwa namna yangu, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza kama alimaanisha hivyo.

Msomaji atasema, si ungekifuata kile kiti ukakinunua? Nilijua haiwezekani. Tulifundishwa tangu madrasa kwamba sadaka ikishatoka mkononi hairudiwi, hata kwa kuinunua. Na mama katika jambo hilo hana mchezo. Mwaka ule ule mdogo wangu aliliona koti la baba sokoni, kwenye rundo la mitumba, akalinunua kwa machozi akalileta nyumbani. Mama hakuligusa. Alimwambia, "Rudisha huko ulikoitoa. Baba yako hadaiani na mutu." Mdogo wangu alilirudisha akilia zaidi ya alivyolia msibani.

Sasa nikakaa juu ya lile sanduku la chuma Kinanira, nikajaribu kufikiri. Kama kiti hiki ndicho, basi si halali yangu kukinunua, na mama hatakikubali. Kama sicho, ninaweza kukinunua na kumpelekea, na pale mahali patupu patajaa. Kwa hiyo niliomba Mungu kiwe feki. Na nilipokuwa naomba, moyo wangu ulikuwa unaomba kinyume chake, kiwe ndicho, kiwe ndicho, mpaka nikaona aibu mbele ya Aliyekuwa ananisikiliza.

"Nani anakuletea?" nikamuuliza msichana.

Akasitasita, kisha akasema kuna fundi Buyenzi anayemtengenezea vilivyoharibika. "Anatengeneza tu, maman. Kurepare. Haundi."

Nikamwambia asikiuze mpaka nirudi. Akaniuliza kama nataka kipya au cha zamani, ili akiwekee alama. Nikamwambia sijui.

Fundi sikumtafuta sana. Buyenzi nimezaliwa, ukimtaja mtu kwa kazi yake unaonyeshwa mpaka choo chake. Nilimkuta mbele ya karakana amevaa kofia ya kufuma, anapiga randa, vumbi la mbao limemkaa kwenye kope. Mbele yake, juani, kulikuwa na viti vinne. Miguu imetanuka, migongo imelala. Na kila kimoja, mkono wa kushoto, kipande cha aluminiamu na ribiti tatu, mbili karibu karibu, moja peke yake mwisho.

Nilivipita kimoja kimoja nikivigusa. Vilikuwa vimekauka, vyeusi, vinanuka baba yangu vyote vinne.

"Fundi," nikasema hatimaye, "hivi vyuma umeviweka vya nini?"

"Ni modeli, dada."

"Modeli gani? Mbao zenyewe hazina ufa!"

Akacheka. Akaniambia nikae, nikakaa kwenye kimoja, nikasimama haraka kwa sababu mwili ulikataa, nikakaa chini kwenye gogo. Ndipo akanieleza, na ninayaweka maneno yake hapa kama alivyoyasema.

"Kulikuwa Mukongomani mumoja aliniletea kiti, anataka niibadilishie kitambaa. Nikaiweka hapa inje. Watu wanapita, wanaiona, wanasema fundi, nitengenezee kama iyi. Nikatengeneza ya kwanza, safi, bila iyi aluminiamu. Mutu akakataa! Akasema we fundi, mi nilisema kama iyi, chuma yake iko wapi? Anazania ni maridadi ya Wazungu wa zamani. Nikasema sawa. Nikakata aluminiamu, nikapiga ribiti, akafurahi. Kutoka pale wote wanaitaka na chuma. Ukiondoa chuma, wanasema fundi ameiba kipande."

"Na oili?"

"Ah, oili chafu. Naomba kwa magereji apa chini. Ukipaka kwa libuyu mara mbili, ukaweka kwa jua, inakuwa kama ya miaka hamsini. Na we nusa, inanuka kizamani."

Libuyu ni zile mbao nzuri zinazotoka Kongo. Nilimwambia fundi kwamba kile kiti cha kwanza kilikuwa cha baba yangu, na ufa ule aliuziba yeye. Akavua kofia. Alimkumbuka mzee aliyemtengenezea baiskeli yeye fundi alipokuwa kijana. Akamwombea dua fupi, mikono yake imejaa vumbi la mbao, kisha akairudisha kofia kichwani, kila mmoja ameona haya kidogo. Mzee alikuwa ameziba ufa wake siku moja ya mapumziko, na sasa nusu ya nyumba za kitajiri za Kinanira zina ufa wake bila kupasuka.

"Sasa kile chenyewe kiko wapi?"

Fundi akakuna kichwa. Mkongomani alipohama alimuuzia. Yeye akakisafisha, akakipaka oili pamoja na vingine, akavipakia vyote siku moja kwenye gari kwenda kwa yule binti. Vilikuwa sita. Vinne viliuzwa, kimoja binti alikirudisha abadilishiwe mto, na sasa kinangoja hapa kati ya hivi vinne. Kingine ndicho kile nilichokiona.

"Basi kimoja kati ya sita," nikasema.

"Ego, kimoja kati ya sita. Lakini gani, wallahi sijui. Mi nilifanya kazi vizuri mupaka nikajipoteza mwenyewe." Alisema hivyo kwa masikitiko na kwa majivuno pia. "Ribiti zangu hata mutoto apitishe mukono chini, hazikwaruzi. Lakini kuna njia. Nikitoa kitambaa, ubao wa zamani uko na matundu mingi ya misumari. Dakika tano tu. Twende Kinanira nikakuonyeshe."

Nikasimama, nikashika mkoba, nikawa tayari kwenda. Kisha nikakaa tena kwenye gogo.

Akikuta matundu, sikipati. Asipokuta matundu, nitampelekea mama kiti cha uongo kilichopakwa oili ya magari ya watu, na nitajua hivyo kila Ijumaa. Fundi alinitazama, akaona nimekwama, akasema kwa upole, "Ama nikutengenezee mpya. Halali kabisa. Kesho kutwa iko tayari."

Hilo ndilo lilikuwa jibu. Mtu mwenye akili angelisema ndiyo, angelipa arubuni, angekwenda zake. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, mdomo ukasema, "Usitoe kitambaa."

"Kile cha Kinanira?"

"Usikiguse. Sitaki kujua."

Sijivunii siku ile. Nilikuwa sitaki kiti cha baba wala kiti kisicho cha baba. Nilitaka kile kisichojulikana, ili mbele ya Mungu niseme sikujua na mbele ya moyo wangu niseme huenda. Nilirudi Kinanira nikamlipa yule binti, na aliponiandikia kikaratasi cha kuthibitisha kwamba kiti ni cha kale, nilikikunja nikakitia mdomoni mwa chupa mojawapo ya chai, nikakiacha hapo.

Mwenye mkokoteni ndiye aliyekipakua mlangoni kwa mama. Mama alikuwa jikoni. Alitokea akisukuma pazia kwa bega, kwani ule mlango wa zamani uliliwa na mchwa na tukauondoa, tukatundika pazia. Alikiona kiti. Sikumwacha hata akaniuliza. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye mkeka, mwanamke mwenye wajukuu mimi, nikimweleza yote bila mpangilio: duka, Mkongomani, modeli, oili, kimoja kati ya sita, na kwamba fundi alitaka kutazama nikamzuia.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui, Mama. Kama ndicho, ni sadaka, nitakirudisha leo hii. Kama sicho, nimekuletea. Amua wewe."

Mama alikizunguka kiti polepole. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, anaona kwa vidole. Aligusa mgongo, akagusa miguu, akagusa kile chuma.

"Baba yako hakumaliza kazi yake," akasema. "Iyi ribiti ya mwisho, chini yake aliiacha na ncha. Kila nikimuletea kahawa, inanishika kanga. Namwambia, baba watoto, iyi kitu itanichana. Ananiambia kesho nitaipiga tupa. Kesho, kesho. Magari ya watu wote anamaliza, yangu ni kesho."

Alitabasamu, nami nilishangaa, maana miaka yote ile nilikuwa najua ni mlango wa jikoni.

Kisha akainama akapitisha mkono chini ya mkono wa kiti. Ulikwenda taratibu kutoka nyuma kuja mbele, ukafika kwenye ribiti ya mwisho, ukasimama. Uliganda pale kwa muda ambao ningeweza kusoma Alhamdu yote. Nilimtazama usoni sikuona kitu. Mama yangu hajawahi kusema uongo. Alimfukuza mkwe mmoja kwa sababu ya uongo wa bei ya nyanya.

"Laini," akasema. Akautoa mkono, akaukunja kwenye kanga. "Haiko yenyewe. Fundi amejitahidi. Iweke pale."

Nilikiweka pale. Nilifurahi na nilivunjika moyo kwa wakati mmoja, na sikujua machozi yaliyonitoka yalikuwa ya lipi. Mama akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi juu ya kiti cha namna ile, na miguu yake haikufika chini vizuri.

"Mama," nikasema, nikiwa bado mkekani, "siku ile nilikosea?"

Alifikiri kidogo, tasbihi imetulia.

"We ulifanya vile nilisema. Mi ndiyo sikujua ninasema nini."

Hayo tu. Akaniuliza kama watoto wamekula. Nilirudi Gihosha nikiwa mwepesi, ila kuna kitu kilinisumbua kama mwiba wa samaki kooni, na sikujua ni nini.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kama kawaida. Mama alikuwa kwenye kiti, amelala usingizi mdogo wa mchana, mkono wa kuume umevuka tumbo na kuja kupumzika juu ya ule upande wa kushoto, kwenye chuma. Nikatoka uani kuanua nguo. Kulikuwa na kanga mbili kambani, zote mpya. Nilimletea mwenyewe sikukuu iliyopita. Ya kwanza ilikuwa na mchaniko mdogo upande mmoja, usawa wa paja, uzi umevutika. Nikaianua ya pili nikaitandaza juani kwa mikono miwili. Mahali pale pale.

Nilisimama uani na kanga ile mpaka mikono ikachoka kuishika. Nilijaribu kufikiri kwamba kuna msumari mahali fulani, kwamba labda ni kwenye kamba, labda ni mti wa uani. Ningeweza kuingia ndani nikapitisha mkono wangu chini ya kile kiti nikamaliza ubishi. Sikufanya hivyo, na sitafanya. Hata leo sijui alisema vile kwa ajili yangu, au ya baba, au ya nafsi yake iliyokaa mkekani miaka yote hiyo ikitazama patupu. Ninachojua ni kwamba alimkatalia mdogo wangu koti, na mimi hakunikatalia.

Nilipoingia alikuwa ameamka.

"Mama, kanga zako zimechanika hapa."

Alizipapasa, akakuta pale panapohusika, vidole vikatulia. Hakuniangalia.

"Ni mulango ya jikoni," akasema.

Nikageuka nikatazama jikoni. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia, pazia likivimba na kushuka. Nikamwambia ndiyo, ule mlango ni mbaya, nikachukua sindano na uzi kwenye kopo la biskuti, nikakaa mkekani karibu na miguu yake, nikaanza kushona.